Neno Asilolitamka 'Malineo

Mwaka ule mto ulipomchukua 'Malineo, wachungaji watatu walikuwa ng'ambo na walimsikia vizuri kabisa. Walikiona kichwa chake kikizama na kuibuka, mkono juu, blanketi limemtangulia, na mdomo ukipiga kelele: "Nijazieni! Jamani, nijazieni!"

Wakabaki wanatazamana. Mmoja akauliza, "Anataka tumjazie nini, na maji yote yale?" Mwenzake akasema labda ana ndoo. Aliyekuja kumtoa ni mwanamke aliyekuwa akifua chini kidogo, ameolewa kijijini hapohapo, hakuhitaji kuelezwa. Alijua 'Malineo ni mkaza mwana wa nani.

Baba mkwe wake aliitwa Thuso. Na thuso, kwa Kisotho, ndiyo msaada. Mwanamke aliyeolewa hatamki jina la baba wa mumewe, wala neno lolote lililolibeba jina hilo, hata akiwa anakufa maji. Siku ya kwanza alipoingia kwa wakwe, kabla hajafunua uso, mama mkwe alimkalisha kwenye ngozi ya kondoo akamwambia, "Hapa kwetu neno lile halipo. Sisi wanawake wa hapa tunasema kujazia. Mtu akikubebea kuni, amekujazia. Ukiumwa, jirani akaja kukupikia, amekujazia. Umesikia, mwanangu?"

Alisikia. Alikuwa na miaka kumi na tisa.

Siku hiyohiyo wakampa na jina. Kwao aliitwa jina jingine, ambalo sasa analikumbuka dada yake tu, nyuma ya mlima kule. Bibi harusi hupewa jina na wakwe, nalo ni la mtoto ambaye hata mimba yake bado haijaingia. Wakamwita 'Malineo, mama wa Lineo. Miaka minane ikapita, Lineo hakuja. Watu waliendelea kumwita mama wa mtu asiyekuwepo, asubuhi na jioni, naye akiitika.

Mumewe Pheello alifanya kazi migodini, Welkom huko Afrika Kusini, akilala kwenye mabweni na wanaume mia tatu. Alikuwa mtu wa kucheka. Kila Desemba alirudi na blanketi jipya na hadithi za kubuni, na 'Malineo alijua ni za kubuni na akazicheka hivyohivyo. Desemba ya mwisho alirudi na kikohozi. Mifyulisi ilipoanza kuchanua wakamzika.

Hata nguo ya msiba haijavuliwa, mzee Thuso akasimama mlangoni pa zizi la ng'ombe, mbele ya ukoo mzima. "Mwanangu aliondoka hapa mzima," alisema. "Aliyemletea ugonjwa ni huyu mwanamke."

Mwanamke ambaye hakuwa amevuka mto Senqu tangu azaliwe! Na mwanaume aliyekaa Welkom miaka tisa. Ukoo mzima ulikuwa pale, wenye akili zao, na hakuna hata mmoja aliyeguna.

Walichukua mablanketi. Wakachukua kondoo sita. Wakachukua sufuria na chakula kikiwa ndani yake. 'Malineo alitoka na nguo ile nyeusi aliyovaa. Walivyoshindwa kuvichukua ni vile walivyompa wenyewe: jina na mwiko. Hakuna aliyekumbuka kumwambia kwamba sasa ulimi wake uko huru, basi akaondoka na lile neno limemkwama kooni.

Wenzake walimsema sana. "Dada wee, watu walikutupa kama maji ya kuoshea vyombo. Sema neno lako, usonge mbele."

"Nikilisema," alijibu, "watapata la kusema. Wataambiana, mnaona, hata adabu hakuwa nayo. Raha hiyo siwapi."

Alihifadhiwa na nesi Limpho, kwenye zahanati ya Ha Mokhethi, ambayo siku hizo ilikuwa chumba kimoja cha mawe na bati lililopiga mbinja kila upepo ukivuma. Alikuwa amekonda, mdomo umejaa vidonda. Dawa hazikuwepo. Kilichokuwepo ni wanawake watano, wajane karibu wote, ambao kila mmoja alikuwa amefukuzwa na mtu. Hao walipika uji mchachu wa mtama, wakautia kwenye makopo, wakaupeleka mabondeni kwa wagonjwa ambao ndugu zao waliogopa hata kuwafungulia mlango. Waliwaosha. Aliyekufa walimbeba juu ya mlango uliong'olewa. 'Malineo alikuwa wa sita, akiwa mgonjwa yeye mwenyewe, akijikongoja nyuma na kopo lake. Kati ya wale watano, wawili walikufa kabla ya kuona kidonge.

Vidonge vilipokuja, gari liliviacha kwenye kona ambapo barabara ilikuwa inaishia siku zile, na farasi wakavileta. Masanduku yalikuwa na karatasi ya bendera.

"Serikali ya Marekani ndiyo imetoa," nesi Limpho akaeleza.

"Wanatujua?" 'Malineo akauliza.

"Watujulie wapi?"

"Sasa wametoaje?"

"Walikaa vikao na wakubwa wetu huko Maseru. Miaka."

'Malineo akageuza kopo la vidonge mkononi. "Kumbe kuna vikao vinavyozaa," akasema.

Watu waliviogopa. Ikasemekana vinageuza damu kuwa nyeupe. 'Malineo akameza cha kwanza mbele yao wote, akafungua mdomo waone ulimi. "Nikifa," akasema, "andikeni kwamba nilikufa nimeshiba." Baada ya miezi sita alikuwa anabeba ndoo ya maji kichwani na kutukana watu njiani, nao wakafurahi kutukanwa, maana ndipo walipojua amepona.

Mradi ukamwajiri. Kazi yake ilikuwa na jina refu kwenye makaratasi. Kijijini ikaitwa mbwa wa nesi, kwa sababu kazi yenyewe ilikuwa kuwanusa walioacha dawa na kuwarudisha. Jina hilo hakulichukia. Kusoma hajui. Lakini wagonjwa themanini na sita wote alikuwa nao kichwani, nani vidonge vyake vinaisha lini, nani anakunywa pombe, nani ana mke mwenye mdomo. Mwanaume mmoja, Sekake, alijificha 'Malineo asimwone siku ya kunyoa manyoya.

"Ntate Sekake," 'Malineo akaita kwa adabu, kama anayemwita baba yake, "umejibanza nyuma ya kondoo? Huyo kondoo ana akili kukushinda. Yeye akipewa dawa anameza."

Wanyoaji waliangusha mikasi kwa kicheko. Sekake akatoka, akameza, na tangu siku ile hakukosa.

Ndipo Jumanne moja akaja mzee Thuso. Mkewe alikuwa amefariki zamani, na nyumba zote zenye bendera ya kutangaza pombe zilimfahamu kwa jina. Alisema anaumwa mgongo. Nesi Limpho akafunga mlango. 'Malineo alikuwa anafagia nje. Mzee alipotoka alikuwa amezeeka miaka kumi, na chini ya blanketi lake mfuko wa karatasi ulikuwa unachakarisha.

Akasimama. "Hukuniona," akasema, akitazama pembeni.

"Nilianza lini kukuona?" 'Malineo akamjibu ufagio.

Mnaweza kufikiri ni kitu kidogo alichokuwa nacho mkononi siku ile. Neno moja tu kisimani, na kufikia jioni bonde zima lingejua kwamba mzee aliyemfukuza mke wa mwanawe kwa ugonjwa ameutafuta ugonjwa huo mwenyewe, kwa miguu yake mwenyewe. Alikaa na neno hilo mdomoni siku tatu, analionja. Lilikuwa tamu. Siku ya nne akalimeza. Alikuwa amekula kiapo cha kazi, hilo ni kweli, lakini si kiapo kilichomzuia. Aliwahi kutajwa mlangoni pa zizi. Alijua inavyokuwa.

Ila alikuwa mbwa wa nesi, na mzee akaanza kusahau dawa. Ikabidi ampelekee. Mkaza mwana haingii kwenye zizi la baba mkwe, basi akawa anaweka kopo juu ya ukuta wa mawe, anakohoa, anaondoka. Mzee anangoja ageuke, ndipo anachukua. Mwezi hadi mwezi, miaka sita. Siku moja alimsikia amelewa huko ndani. Akauambia ukuta, "Ukuta, mwambie mwenye dawa asizichanganye na pombe, zinamkataa."

Halafu sauti nzito ikatoka upande wa pili: "Mwambie anayesema na wewe kwamba ukuta umesikia."

Toka hapo ukawa ukuta wenye mambo mengi. Ukuta uliumwa meno. Ukuta uliuliza kama mvua imeharibu mahindi ya watu wa bondeni. Lakini asante ukuta haukusema, na 'Malineo hakuisubiri.

Habari zilikuja mwezi wa pili. Nesi Limpho aliwaita wote wenye kopo la dawa. Wamarekani na serikali walikuwa wamekaa tena, alisema, na safari hii fedha zinapunguzwa. Huku milimani kulikuwa na zahanati nne ndani ya mradi. Zitabaki mbili. Wagonjwa wa zile nyingine wataunganishwa na hospitali ya mjini.

Mjini ni siku mbili kwa miguu kwa asiye na nauli ya gari, kupitia mlimani, na theluji ikishuka njia inafungwa wiki mbili, wiki tatu, na farasi mwenyewe anakataa. Mwenye vidonge vya wiki moja hapo anafanya nini? Walibaki wamekaa na mablanketi yao, kila mmoja anatazama mikono yake.

"Balozi wao atakuja mwenyewe kuona," nesi akasema. "Mwezi wa nne. Zote nne ataziona."

Wiki moja kabla ya balozi akaja Ntate Ramakatsa, wa ofisi ya mradi, viatu vyake vinang'aa hata kwenye samadi. Alikuja kuwafundisha watu namna ya kupokelewa. Wimbo uwe huu. Watoto wakae mbele. Mtu akiulizwa, aseme kabla ya mradi hatukuwa na kitu, na mradi ukiondoka hatutakuwa na kitu.

"Na machozi kidogo hayataharibu," akasema. "Wageni lazima waone uhitaji. Mkijikaza, mmekwisha." Halafu akamgeukia 'Malineo. "Mama, wewe ndiye wa kwanza kumeza dawa bonde hili. Wewe utatoa shukrani."

Akamsomea hotuba aishike kichwani. Ilikuwa fupi, na neno thuso lilikuwemo mara nne. Tunashukuru kwa thuso yenu. Bila thuso yenu tungekuwa makaburini.

"Neno hilo silisemi," 'Malineo akasema.

"Lipi?"

Wanawake wakaangua kicheko. Mmoja akamwambia, "Ntate, ni jina la baba mkwe wake hilo!"

Ramakatsa alikuwa mtu wa mjini. "Mkwe gani? Si nimesikia walikufukuza?"

"Walinifukuza mimi. Jina hawakulifukuza."

"Mama yangu, tunazungumzia maisha ya watu, siyo mambo ya jikoni. Utalisema."

"Mtafute mwingine."

"Mwingine hayupo. Orodha imeshakwenda ubalozini." Akafunga faili lake. "Thuso. Ni herufi tano tu."

"Mimi herufi sizijui, ntate," 'Malineo akasema. "Kwa hiyo zikiwa tano au mia kwangu ni sawa."

Siku ilipofika yakaja magari manane meupe kwa barabara mpya ya changarawe. Balozi alikuwa mwanamke mrefu mwenye nywele fupi za mvi, amevaa viatu vya kupandia mlima vilivyokwishachakaa, jambo ambalo wanawake waliligundua mara moja na wakampa alama. Chifu akamvika blanketi. Pembeni yake alikaa msichana wa ubalozini, Nthabeleng, Msotho wa Leribe, wa kutafsiri. Wimbo ukaimbwa. Watu walioulizwa walisema hatukuwa na kitu, hatutakuwa na kitu. Mmoja alilia kweli, kwa sababu ya hofu. Balozi alisikiliza na kutikisa kichwa, na uso wake ulikuwa unazidi kuwa mzito. Ramakatsa aliuona uzito huo akadhani mambo yanakwenda vizuri.

'Malineo akasimama, shuka limefunika mabega kama inavyotakiwa. Mzee Thuso alikuwa nyuma kabisa kati ya wanaume, kofia ya majani imeteremshwa machoni.

"Mama balozi," alianza, "mimi ni 'Malineo. Nilikuwa nimekufa, nikabaki kuzikwa tu. Tunawashukuru kwa kuwa mmetujazia. Kama msingetujazia, wengi wetu tungekuwa chini ya mawe. Tunawaomba muendelee kutujazia." Akakaa. Aliiona shingo ya Ramakatsa ikivimba.

Nthabeleng alitafsiri neno kwa neno, alivyofundishwa kazini. Balozi akainua kichwa, akauliza kitu. Msichana akageuka.

"Mama, anauliza hivi. Wote wamesema hapakuwa na kitu. Wewe unasema wao wamewajazia. Chombo kinajaziwa kikiwa na kitu tayari. Anataka kujua, kilikuwa na nini?"

'Malineo hakuwa amejiandaa kwa swali. Alikuwa amekwepa jina tu. Alisimama tena taratibu. Halafu miaka yote ile ikamjia.

"Mwambie palikuwa na nesi huyu, anashona sanda usiku kwa mikono yake na asubuhi anafungua mlango. Palikuwa na wanawake watano. Mwambie majina yao, usiyaruke: 'Makhopotso, 'Matumane na 'Malefa, wale pale wamekaa. Na 'Mantsane na 'Malikopo, hao wamekufa, hawakukionja kidonge hata kimoja. Walibeba uji kichwani kwenye theluji kwa watu wasio ndugu zao. Mwambie chumba hiki cha pili kilijengwa na wanaume wa hapa, mawe alitoa chifu. Na masanduku yao hayana miguu! Yalifika konani kule yakakaa. Yaliletwa na farasi wa hapa, na hao farasi hakuna aliyewapa hata nyasi."

"Pole pole, mama," Nthabeleng akasema, akiandika kwa haraka.

"Halafu mwambie asante. Asante ya kweli, siyo ya kufundishwa. Ninapumua kwa sababu yao, na nawaombea. Lakini asije akarudi kwao akasema alikuta shimo. Hapakuwa shimo hapa. Palikuwa na watu."

Ramakatsa akaruka kutoka kwenye kiti. "Mheshimiwa, samahani! Mama huyu hajasoma, hajui anachosema!" Akamgeukia, jasho linamtoka. "Anamaanisha thuso. Sema thuso, mama! Neno moja! Unataka kuwaua hawa watu? Thuso! Sema!"

Wanawake wakashika midomo. Lilikuwa jambo baya kulisikia, mwanaume anamlazimisha mkaza mwana namna ile hadharani. 'Malineo akafunga mdomo wake, machozi yakamjaa, ya hasira.

"Wewe wa viatu. Kaa chini."

Sauti ilitoka nyuma. Mzee Thuso alikuwa anapita katikati ya watu kwa fimbo yake, kofia mkononi. Alipofika mbele alikuwa anahema.

"Binti, nitafsirie na mimi," akamwambia Nthabeleng. "Jina analolikataa ni langu. Mimi ndiye Thuso. Huyu ni mke wa mwanangu Pheello. Mwanangu alipokufa nilisema mbele ya watu kwamba huyu ndiye kamuua. Nikamfukuza. Nilimpokonya hadi sufuria la chakula. Miaka kumi na minane, na hajanitaja, wala hajaapa kwa jina langu, hata mto ulipombeba." Akaingiza mkono chini ya blanketi, akatoa kopo, akalitikisa vidonge vikalia. "Na mimi nakunywa hizi. Hizihizi. Miaka sita. Nilijitafutia mwenyewe, tena ukubwani. Na anayeniletea ni yeye, anaweka ukutani, na hajamwambia mtu. Kama angesema mngekuwa mmeshanicheka zamani. Basi chekeni."

Hakuna aliyecheka. Hata Sekake.

Mzee akageuka, akasema bila kumtazama usoni, kwa maana hilo pia ni mwiko, "Mkaza mwana wangu. Mbele ya wageni hawa nakufungulia. Litaje jina."

Miaka kumi na minane hakuwa ameitwa mkaza mwana. 'Malineo alijifuta pua kwa shuka.

"Hapana," akasema.

"Umesemaje?"

"Nimesema hapana. Ulipokuwa na la kunifungulia, ulifunga mlango. Mwiko niliubeba peke yangu, sasa ni wangu. Nitaacha nikitaka mwenyewe."

Mzee akatazama chini. Mabega yake yakaanza kutikisika, watu wakadhani analia, kumbe anacheka, kicheko kilekile cha Pheello. "Ukuta umesikia," akasema. Wanawake wakapiga vigelegele mpaka farasi wakashtuka.

Nthabeleng alikuwa ametafsiri yote. Balozi akaweka kalamu chini. Halafu akasema, na msichana akageuza kwa Kisotho: "Katika zahanati mbili nilizoziona jana niliambiwa hakuna kitu, na hapa pia mpaka sasa hivi. Sisi tutaondoka siku moja. Hilo tumeshakubaliana na serikali yenu. Pasipo na kitu, tukiondoka patabaki hivyo. Nilikuwa natafuta mahali penye watu wa kukabidhiwa." Akamwomba Nthabeleng amwandikie yale majina matano vizuri. Hakuahidi lolote. Akapanda gari na blanketi lake.

Walipoondoka, baadhi ya watu walimgeuka 'Malineo. "Umetuponza, mama. Kwa kiburi chako." Ramakatsa alikuwa ameshamwambia nesi kwamba Ha Mokhethi wamejichongea wenyewe. Wiki tano 'Malineo alipita kwenye nyumba akiwapa watu dawa zao na baadhi hawakumpa hata kiti. Hakujitetea. Kila jioni aliketi nyuma ya zahanati akijiuliza kama amewaua watu themanini na sita kwa sababu ya jina la mtu mmoja.

Barua ilikuja kwa gari la posta. Nesi Limpho aliisoma mlangoni, kwanza kwa macho, halafu akashindwa kuisoma kwa sauti, akampa mwalimu. Ha Mokhethi imo kati ya mbili. Miaka miwili ya Wamarekani, kisha serikali itachukua dawa, nesi na wafuatiliaji, wote kwa majina. Na kwa kuwa njia hufungwa, dawa za msimu mzima wa baridi ziletwe mapema.

Walewale waliomnyima kiti wakamletea viti. Alikaa kwenye kimoja, akawatukana mmoja mmoja, akaanza na Sekake ambaye hakuwa na kosa, ili kupasha mdomo moto.

Hakumsamehe mzee; anayetaka kusikia kwamba alimsamehe, atafute mwanamke mwingine. Lakini ukoo ulipofanya kumbukumbu ya Pheello walimwita, naye akaenda, akakaa kwenye ngozi upande wa wanawake wa boma, mahali pake, na hakuna aliyethubutu kumwuliza kafuata nini.

Theluji ilishuka mapema mwaka huo, mwanzo wa mwezi wa sita. Njia ikafungwa siku kumi na tisa. Mjini walihesabu waliokosa dawa milimani wakaandika ripoti. Ha Mokhethi dawa zilikuwa zimeshaletwa, na 'Malineo alizunguka nyumba zote kwa magunia aliyojifunga miguuni, na hakuna mtu aliyekosa hata siku moja.